Zile namba mbili zinatoka wapi? Jibu kuhusu vigawo na milinganyo ya kipeo cha pili

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, baada ya kukaa nje ya shule kwa miaka kadhaa. Milinganyo ya kipeo cha pili inanisumbua. Nikipewa x² + 5x + 6 = 0 naipata mara moja, kwa sababu naziona 2 na 3. Lakini 6x² + x − 12 = 0 hunimalizia muda wote, na x² + 4x − 1 = 0 niliitafutia namba mbili jioni nzima nisipate kitu. Tena kuna hili: nilipewa (x − 3)(x + 2) = 6, nikaandika x − 3 = 6 na x + 2 = 6, nikapata x = 9 na x = 4. Aliyesahihisha alinikosesha swali zima, ingawa kwenye majibu ya kitabu hiyo 4 ipo. Rafiki yangu ananishauri niachane kabisa na vigawo, nikariri ile fomula ndefu na kuitumia kila mahali. Je, yuko sahihi? Na hao wanaoziona zile namba mbili haraka, wanazionaje?"

Jibu: Marahaba. Umeuliza mambo manne, lakini nikiyasoma pamoja naona shida moja inayoyaunganisha: uliambiwa utafute namba mbili, ukaonyeshwa mifano ambayo namba hizo zinaonekana kwa macho, kisha ukaachwa bila kuelezwa zinatoka wapi na kwa nini zinafanya kazi. Mtu aliyefundishwa hivyo hufaulu maswali mepesi kwa bahati na kushindwa magumu bila kujua ameshindwa nini. Katika mambo uliyoyataja, ni moja tu ambalo ni kosa la kweli, nalo ni lile la (x − 3)(x + 2) = 6. Naomba tuanze hapo, kwa sababu jibu lake ndilo linalobeba mada nzima.

Weka 4 mahali pa x. Mabano ya kwanza yanakuwa 1, ya pili yanakuwa 6, na 1 × 6 = 6, kwa hiyo 4 ni jibu kweli. Sasa weka 9. Mabano ya kwanza yanakuwa 6, ya pili yanakuwa 11, na zao lake ni 66. Jibu lako moja limekubali na jingine limekataa, ilhali yote mawili yametoka katika hatua ileile. Hapo ndipo msahihishaji aliposimama, nami ningefanya kama yeye: hatua inayotoa ukweli na uongo kwa pamoja si hatua ya hisabati, hata kama nusu ya matokeo yake imechapishwa nyuma ya kitabu. Ile 4 ilipatikana kwa sababu mabano ya pili yalipokuwa 6, mabano ya kwanza yalijikuta ni 1. Lau swali lingekuwa (x − 3)(x + 2) = 14, njia yako ingetoa 17 na 12, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sahihi; majibu yake ni 5 na −4.

Sababu ni kwamba zao likiwa 6, hatujui chochote kuhusu namba zilizozidishwa. Zinaweza kuwa 1 na 6, au 2 na 3, au 12 na nusu, au −2 na −3, na orodha hiyo haina mwisho. Zao likiwa sifuri mambo hubadilika kabisa. Chukua namba mbili ambazo zao lake ni sifuri. Ikiwa ya kwanza si sifuri, basi tunaruhusiwa kugawanya pande zote mbili kwa namba hiyo, na upande wa pili unabaki sifuri, maana yake ile ya pili ni sifuri. Hakuna njia ya kukwepa: mojawapo lazima iwe sifuri. Hii ni sifa ya sifuri peke yake, na ndiyo sababu pekee inayotufanya tuhangaike kuandika mtajo kama zao la mabano mawili. Bila sifuri upande wa pili, kuwa na mabano mawili hakutusaidii lolote.

Kwa anayependa kuona mpaka wa kanuni, hata sifa hiyo ya sifuri haipo kila mahali. Kwenye saa ya ukutani, tukihesabu 12 kuwa ndiyo mwanzo, yaani sifuri, hatua 3 zikirudiwa mara 4 zinaurudisha mshale ulipoanzia, ingawa si 3 wala 4 iliyo sifuri. Namba za kawaida tunazotumia katika mtihani hazina tabia hiyo, na ndiyo maana njia ya vigawo inaaminika.

Basi swali lako linafanywa hivi. Fungua mabano: x² − x − 6 = 6. Hamishia ile 6 upande wa kushoto ili upande wa kulia ubaki sifuri: x² − x − 12 = 0. Tafuta vigawo: (x − 4)(x + 3) = 0. Sasa ndipo una haki ya kusema x − 4 = 0 au x + 3 = 0, na majibu ni 4 na −3. Angalia pia alama: mabano yakiwa (x + 3), jibu ni −3. Wengi hunakili alama iliyo ndani ya mabano moja kwa moja na kuandika 3, kwa sababu wameruka mstari mmoja wa kazi. Uandike mstari huo daima.

Kosa jingine linalotokana na kusahau sifuri ni hili: mtu hupewa x² = 5x, akagawanya pande zote kwa x, akapata x = 5 na kufunga daftari. Amepoteza jibu moja. Alipogawanya kwa x alidhani kimyakimya kuwa x si sifuri, na kumbe sifuri ni jibu halali. Hamisha kwanza: x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0, na majibu ni 0 na 5.

Sasa nije kwenye 6x² + x − 12 = 0, ambako ndiko nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa pana siri ambayo ikishafunguka, kubahatisha kunaisha.

Chukua mabano mawili yoyote, tuseme (px + q)(rx + s), ambamo p, q, r na s ni namba. Ukiyafungua unapata prx² + psx + qrx + qs. Zile sehemu mbili za katikati, ps na qr, ndizo zinazojumlishwa kuwa namba iliyo mbele ya x. Lakini tazama zao lake: ps × qr ni sawa na pr × qs, yaani namba iliyo mbele ya x² ikizidishwa kwa namba iliyosimama peke yake. Kwa hiyo tukiuandika mlinganyo kama ax² + bx + c = 0, zile namba mbili zinazotafutwa, tuziite m na n, lazima zitimize masharti mawili kwa pamoja: jumla yake iwe b, na zao lake liwe a × c. Katika x² + 5x + 6 hukulazimika kufikiria a, kwa kuwa ilikuwa 1, na ndiyo maana ulizoea kutafuta zao la 6 tu. Kwenye 6x² + x − 12 zao linalotakiwa si −12. Ni 6 × −12, yaani −72, na jumla ni 1. Nadhani hapa ndipo muda wako ulipokuwa ukipotea: ulikuwa unatafuta namba sahihi mahali ambapo hazipo.

Vigawo vya 72 ni vingi, na vitabu vingi vinakuagiza uviorodheshe viwili viwili hadi ukutane na jozi inayofaa. Njia hiyo ni halali lakini inachosha, na kwa namba kubwa inakula dakika za mtihani. Ipo njia iliyo bora. Unajua jumla ya m na n, na unajua zao lake. Laiti ungejua pia tofauti yake, kazi ingekwisha, kwa sababu ukijua jumla na tofauti ya namba mbili unazipata papo hapo: jumlisha jumla na tofauti kisha gawanya kwa 2, upate ile kubwa; toa tofauti kutoka kwenye jumla kisha gawanya kwa 2, upate ile ndogo. Na tofauti hiyo inapatikana. Fungua mabano mwenyewe uhakikishe kwamba (m + n)² − (m − n)² ni sawa na 4mn. Kwa hiyo (m − n)² = (m + n)² − 4mn. Weka b mahali pa jumla na ac mahali pa zao, na unasoma hivi: mraba wa tofauti ya zile namba mbili ni b² − 4ac.

Naomba usiupite mstari huo haraka. Ile b² − 4ac ambayo wanafunzi huikuta imekaa chini ya alama ya kipeuo (√) katika fomula, wakaikariri kama wimbo, ni kitu kinachoeleweka kabisa: ni mraba wa tofauti kati ya namba mbili unazozitafuta.

Tuitumie. Kwa 6x² + x − 12 = 0, b² − 4ac ni 1 + 288, yaani 289. Kipeuo cha pili cha 289 ni 17. Tunataka basi namba mbili zenye jumla 1 na tofauti 17. Kubwa ni nusu ya 18, yaani 9. Ndogo ni nusu ya −16, yaani −8. Zao lake ni −72, kama ilivyotakiwa. Hukuorodhesha wala kukisia chochote. Kilichobaki ni kuigawa x katika sehemu hizo mbili: 6x² + 9x − 8x − 12. Katika sehemu mbili za kwanza toa kigawo cha pamoja 3x, katika mbili za mwisho toa −4, upate 3x(2x + 3) − 4(2x + 3). Mabano yamefanana, na ndivyo yanavyopaswa kuwa. Yasipofanana, umekosea alama mahali fulani. Unaandika (2x + 3)(3x − 4) = 0, na majibu ni −3/2 na 4/3.

Hatua ya −4 hapo juu ndiyo inayoangusha wengi. Ukitoa −4 kutoka −8x − 12, ndani ya mabano unabaki na 2x + 3, wala si 2x − 3, kwa sababu −4 × 3 ni −12. Ukiwa na shaka, zidisha kurudi nyuma kabla hujasonga mbele.

Sasa ile x² + 4x − 1 = 0 iliyokula jioni yako. Hapa b² − 4ac ni 16 + 4, yaani 20. Namba 20 si mraba kamili. Hakuna namba nzima ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 20, maana 4 × 4 ni 16 na 5 × 5 ni 25. Tofauti ya zile namba mbili ni kipeuo cha pili cha 20, ambacho hakiandikiki hata kwa sehemu. Namba mbili nzima ulizokuwa ukizitafuta hazipo, na ungezitafuta hadi asubuhi usingezipata. Hukukosea chochote jioni ile isipokuwa kutouliza kwanza kama kinachotafutwa kipo. Na swali hilo linajibiwa kwa mstari mmoja: kokotoa b² − 4ac. Ikiwa ni mraba kamili, vigawo vya namba nzima vipo, na tayari unajua tofauti yake. Ikiwa ni chanya lakini si mraba kamili, majibu yapo ila yana kipeuo ndani yake, na usitafute vigawo. Ikiwa ni sifuri, m na n ni namba moja na mlinganyo una jibu moja. Ikiwa ni hasi, kama katika x² + 9 = 0 ambako inatoka −36, hakuna namba ya kawaida inayoutimiza mlinganyo, kwa sababu hakuna mraba wa namba ya kawaida ulio hasi.

Kwa x² + 4x − 1 = 0, basi, tunakamilisha mraba. Andika x² + 4x = 1. Wazia mraba wenye upande x. Ile 4x igawe katika mistatili miwili, kila mmoja ukiwa na pande 2 na x, na uibandike kwenye pande mbili za mraba huo zinazopakana. Umbo linalotokea ni mraba mkubwa wenye upande x + 2, isipokuwa kona moja imepungua, na kona hiyo ina eneo la 2 × 2, yaani 4. Ijaze kona hiyo kwa kuongeza 4 pande zote mbili za mlinganyo: (x + 2)² = 5. Kwa hiyo x + 2 ni √5 au −√5, na majibu ni −2 + √5 na −2 − √5, ambayo ukiyatafutia desimali yanakaribia 0.236 na −4.236.

Mchoro huo si wangu. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika zama za khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, alitumia mchoro wa namna hiyo kwa mfano wake maarufu x² + 10x = 39: mistatili miwili ya 5 kwa x, kona ya 25, mraba mkubwa wa 64, upande wake 8, na x ni 3. Jibu la pili, −13, hakulitaja, kwa kuwa hakutumia namba hasi. Kwa sababu hiyohiyo alilazimika kuigawa milinganyo katika aina sita na kuitatua moja moja. Na ile hila ya jumla na zao ni ya zamani zaidi: waandishi wa Babeli, katika vibao vya udongo vya takriban miaka 1800 kabla ya Kristo, walikuwa wakitafuta urefu na upana wa mstatili kwa kuanza na nusu ya jumla. Njia ya kuweka sifuri upande mmoja na mabano upande mwingine, ambayo shuleni hufundishwa mwanzo kana kwamba ndiyo asili, ilichelewa sana. René Descartes aliieleza waziwazi katika kitabu chake cha jometri cha 1637, na mmoja wa mifano yake ni x² − 5x + 6 = 0, ndugu wa karibu wa swali unalolipata mara moja. Ninayataja haya ili usijidharau: kuziona namba mbili kwa macho ni njia ya mkato iliyokuja baadaye, na watu walitatua milinganyo hii kwa karne nyingi bila hiyo.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Fomula anayoisema, x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a, inatoa majibu sahihi kwa kila mlinganyo wa kipeo cha pili wenye majibu, na mtu anayeijua vizuri hawezi kukwama. Lakini kwa maelezo tuliyokwisha kuyatoa utaona kwamba si njia nyingine. Zidisha mlinganyo wote kwa a, upate (ax)² + b(ax) + ac = 0. Ukiichukulia ax kuwa kitu kimoja, mlinganyo unakuwa (ax + m)(ax + n) = 0, na m na n ni zilezile zenye jumla b na zao ac. Majibu ni −m/a na −n/a. Na kwa kuwa m na n ni (b ± √(b² − 4ac)) / 2, ukiziweka hapo unaipata fomula yenyewe. Jaribu kwa mfano wetu: −9/6 ni −3/2, na 8/6 ni 4/3. Anayetumia fomula anatafuta vigawo bila kujua, na anayetafuta vigawo kwa tofauti anatumia fomula bila kuiandika.

Kwa hiyo ninakubaliana naye nusu. Ikariri fomula, kwa kuwa kuna milinganyo ambayo haina njia nyepesi zaidi. Usiiache njia ya vigawo, kwa sababu tatu zenye uzito usiolingana. Nyepesi ni kwamba swali la mtihani mara nyingi hutaja njia, na ukiagizwa kutumia vigawo au kukamilisha mraba, jibu sahihi kwa njia nyingine linaweza kukupunguzia alama. Ya pili ni kwamba vigawo vinahitajika hata mahali ambapo hakuna mlinganyo wa kutatua: sehemu yenye x² − 9 juu na x² + 5x + 6 chini hairahisishiki mpaka uone kwamba juu ni (x − 3)(x + 3) na chini ni (x + 2)(x + 3), ndipo x + 3 inapofutika na kubaki (x − 3) juu ya (x + 2). Nzito zaidi ni kwamba fomula hiyo inaishia kipeo cha pili. Ukipewa x³ − 4x = 0 haikusaidii moja kwa moja, ilhali vigawo vinaimaliza kwa mstari mmoja: x(x − 2)(x + 2) = 0. Na ukipanda zaidi, Niels Henrik Abel, Mnorwe aliyekuwa bado kijana, alithibitisha mnamo 1824 kwamba kwa milinganyo ya kipeo cha tano haiwezekani kupatikana fomula ya jumla inayotumia hesabu za kawaida na vipeuo tu.

Kuna tahadhari moja kuhusu namba ya pamoja. Ukipewa mlinganyo 12x² + 2x − 24 = 0, gawanya wote kwa 2 na uisahau hiyo 2, kwa sababu sifuri ikigawanywa kwa 2 ni sifuri. Ukipewa mtajo 12x² + 2x − 24 peke yake, usio na alama ya sawasawa, huna ruhusa ya kuitupa: vigawo vyake ni 2(2x + 3)(3x − 4), na ile 2 mbele ni sehemu ya jibu.

Katika maswali ya maelezo, jibu hasi hukataliwa na maana ya swali, wala si na hisabati. Kiwanja cha mstatili ambacho urefu unazidi upana kwa mita 7 na eneo lake ni mita za mraba 120 kinatoa x² + 7x − 120 = 0, ambamo x ni upana. Hapo b² − 4ac ni 529, kipeuo chake 23, m na n ni 15 na −8, na majibu ni −15 na 8. Andika yote mawili, kisha sema wazi kwamba upana hauwezi kuwa hasi, hivyo ni mita 8. Anayeliruka jibu hasi bila kulitaja anamwacha msahihishaji akijiuliza kama aliliona.

Karatasi za Hisabati za kidato cha nne za Baraza la Mitihani la Tanzania za miaka iliyopita zimekuwa zikikataza vikokotoo na kuruhusu majedwali ya hisabati. Soma maelekezo ya mwaka wako, lakini jiandae kana kwamba hutakuwa na kikokotoo. Maana yake ni kwamba miraba ya 1 hadi 25 inakufaa uijue kwa moyo. Usipoikumbuka, isogelee: 289 ipo kati ya 256, ambayo ni 16 × 16, na 324, ambayo ni 18 × 18, basi kama ni mraba kamili haiwezi kuwa wa namba nyingine ila 17.

Kuhusu msaada wa ana kwa ana, ningependa ujipime kwanza. Fungua (2x − 5)(3x + 4) bila kuangalia popote. Jibu ni 6x² − 7x − 20. Ukikosea alama mara kwa mara katika kazi kama hiyo, au ukiona mpangilio wa MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) unakuchanganya namba hasi zinapoingia, tatizo lako haliko katika milinganyo ya kipeo cha pili, na maelezo marefu kama haya hayatalitibu. Linahitaji mwalimu aketi kando yako na kukutazama unavyoandika, mstari kwa mstari, kwa sababu kosa la alama mwenye kulifanya halioni. Usimpelekee daftari lenye majibu tu. Mpelekee kazi yenye hatua zote, pamoja na zile ulizozikata. Kwa wanaosoma nje ya mfumo wa kawaida, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina ofisi mikoani, na hapo unaweza kuulizia vituo vya jirani. Ukikuta mwalimu anayekuambia ukariri tu na usiulize sababu, tafuta mwingine.

Nakuachia kazi tatu. Katika kila moja anza kwa kuhakikisha sifuri iko upande wa kulia, kisha kokotoa b² − 4ac kabla ya jambo lingine lolote. Ya kwanza, 10x² − 11x − 6 = 0: utapata 361, tofauti 19, na zile namba mbili ni 4 na −15, ambazo zinakupeleka kwenye (2x − 3)(5x + 2) = 0. Ya pili, x² − 6x + 7 = 0: utapata 8, ambayo si mraba kamili, kwa hiyo kamilisha mraba hadi (x − 3)² = 2. Ya tatu, (x + 1)(x − 4) = 14: ukishaifungua na kuhamisha utapata x² − 3x − 18 = 0, na majibu ni 6 na −3. Hii ya tatu ifanye pia kwa njia yako ya zamani, uone kwamba safari hii inakupa 13 na 18, na uweke kila moja katika swali la awali uone zao linalotoka.